Mkungu wa Mama Mkwe Ulivyofika Dodoma

Marahaba. Naitikia kabla hamjanisalimia, maana vijana wa siku hizi mnaanza na swali, shikamoo mnaikumbuka mkishaondoka. Na swali lenu nalijua. Juzi wamenifuata hapa Lusahunga vijana walionunua Coaster yao ya kwanza, viti bado vina nailoni, wakaniuliza, "Mzee, ukipeleka watu Dodoma kwa siku mbili tu, uwaonyeshe nini?" Nikawaambia kaeni, hilo ni jambo la kukaa. Wakasema wana haraka. Mtu mwenye haraka asimuulize dereva mstaafu. Basi nimeona niandike, ili nanyi msome mkiwa mmekaa.

Mimi nimeendesha Coaster ya kukodi tangu nywele zangu zilipokuwa nyeusi na nyingi. Nimebeba kwaya, vikundi vya akina mama, wanafunzi, wafugaji wa nyuki, na harusi ambazo sitaki kuzikumbuka. Watu wanadhani kazi ile ni usukani. Usukani ndiyo sehemu nyepesi. Abiria wa kukodi akishapanda, anakuona wewe ndiye mwenyeji wa kila mahali unaposimamisha gari. Mkifika Singida atakuuliza kwa nini wenyeji wamelima alizeti badala ya migomba. Mkifika Manyoni atakuuliza nani ameyaweka mawe yale. Ukiwa hujui, sema "hiyo ni historia ndefu," kisha badilisha gia kwa sauti.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Kagoma, Mungu amrehemu. Yeye alianza na malori ya mahindi ya msaada, enzi zile kambi ya Benaco imejaa wakimbizi na vilima vyote vimekuwa maturubai. Alikuwa na kanuni zake, na ya kwanza ilikuwa hii: "Ukisimama njiani, hesabu mizigo, usihesabu watu. Mtu anaweza kumsahau mke wake Kahama. Ndoo yake hawezi." Nilidhani ni mzaha wa wazee. Siku moja tukiwa tumeshaipita Igunga, nikaona ndoo ya njano haijashikwa na mtu. Nikauliza ni ya nani. Ilikuwa ya mwalimu wa kwaya. Tulikuwa tumemwacha Nzega chooni, na sauti ya kwanza, ya pili na ya tatu zote zilikuwa zinaimba ndani ya gari, hakuna aliyegundua kwamba hakuna anayeziongoza. Tuliporudi tulimkuta amekaa juu ya jiwe, amenuna, akasema kilichomuuma si kuachwa, ni kusikia kwamba tuliimba vizuri.

Sasa Dodoma. Kwanza kabisa, waambieni wasafiri wenu kuhusu upepo. Sisi watu wa migomba tumezoea upepo unaobisha hodi. Upepo wa Dodoma hauna adabu hiyo, unaingia na vumbi lake moja kwa moja mpaka kwenye meno. Akina mama wafunge vilemba vizuri na wazee washike kofia. Kuna katekista mmoja kofia yake ilivuka barabara kwa taa ya kijani kabla yeye hajaruhusiwa.

Pili, msiwaahidi watu wanyama. Kuna mlima unaitwa Mlima Simba, jiwe kubwa zuri, ukipanda unauona mji wote umelala chini yako. Pelekeni watu asubuhi kabla jua halijawa kali. Lakini semeni mapema kwamba ni jiwe. Mimi sikusema, na Mzee Sylidion wa Nyarubungo, mwenyekiti wa kikundi cha wazee, alipanda mpaka juu, akakaa, akakunja mikono.

"Simba mwenyewe yuko wapi, deleva?"

"Mzee, ndiyo hilo jiwe."

"Jiwe naliona. Simba?"

Alisubiri mpaka wenzake wote wameshashuka. Hata leo ukimuuliza habari za Dodoma anasema ni mji mzuri, ila simba siku ile hakutoka.

Tatu, Mji wa Serikali kule Mtumba. Majengo ya wizara yamejipanga, barabara pana, kila jengo lina jina mbele. Nyinyi mtadhani watu wa kijijini watachoka kuangalia majengo. Thubutu! Watu wangu walitaka kupigwa picha mbele ya kila wizara waliyokuwa na neno nayo. Mzee Sylidion alikuwa amebeba mfukoni maharage yaliyotobolewa na wadudu, akapigwa picha ameyashika mbele ya ofisi za kilimo, uso umekaza, kama anatoa ushahidi. Kisha akayarudisha mfukoni, akaridhika. Ile picha ameitundika sebuleni.

Nne, stesheni ya treni ya umeme. Simameni mahali mnaporuhusiwa na mwangalie tu. Akina mama wa Kagera wakiona kitu kinaondoka lazima wapunge mkono, na treni ikiondoka bila kuwapungia watasema ina majivuno. Msibishane nao.

Tano, zabibu. Nunueni siku ya kuondoka, tena saa ya kuondoka, tena mtu apakate boksi lake. Nitawaambia baadaye kwa nini.

Hayo yote, hata hivyo, anaweza kuwaambia mtu yeyote mwenye simu. Siku hizi mna ramani inayoongea humo kwenye simu, mwanamke anakuamuru "pinda kulia" bila hata habari za asubuhi. Mimi nataka niwaambie jambo ambalo mwanamke yule halijui, na aliyenifundisha ni mama mkwe wangu.

Tuanze na heshima. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni. Hawali pamoja, hawakai kiti kimoja, na wakikutana kwenye njia nyembamba, mmoja anaingia kichakani kana kwamba alikuwa na shughuli huko. Nyinyi vijana mmelegeza. Nimeona kijana anapiga picha na mama mkwe wake wamekumbatiana, nikatafuta mahali pa kukaa. Sisi tuliishika. Bibi Adventina, mama yake mke wangu Verediana, miaka yote hiyo nilimfahamu zaidi kwa kikohozi chake. Nikifika kwake Nyarubungo, anakimbilia jikoni. Nikiondoka, yuko jikoni.

Na hilo la kuondoka, niseme ukweli, liliniuma. Kwa sababu Bibi Adventina alikuwa na sifa moja eneo lote: hakuna mgeni aliyeondoka kwake bila kusindikizwa. Nyumba yake iko kando ya njia, basi kila mtu wa serikali aliyefika Nyarubungo alikula kwake: bwana shamba, wahesabu watu, wapima ardhi, wa chanjo, wa kura. Akiisha kula, bibi anajifunga kitenge, anatembea naye mpaka njia panda ya barabara kubwa, anasimama, anasema, "Karibu tena. Hapa ni kwenu." Wote walisindikizwa. Hata muuza mbuzi aliyepotea njia alisindikizwa. Mimi niliyemwoa binti yake nilikuwa nageuza gari mwenyewe na kuondoka kama mtu aliyekuja kusoma mita.

Sasa kikundi cha wazee kilipochanga safari ya Dodoma, Bibi Adventina akasema anakwenda. Wakamuuliza, bibi, na miguu hiyo, unakwenda kuona nini?

Akasema, "Siendi kuona. Naenda kutembea. Selikali imekuja kwangu miaka yote, imekula, nimeisindikiza. Mimi sijawahi kufika kwake hata mara moja. Mtu akitembelewa na asirudishe matembezi, watasema nini?"

Wakamwandika. Siku ya safari, alfajiri, akatoka na mkungu wa ndizi za kupika ulionona mpaka wanaume wawili wakaubeba kwa mti. Maana mgeni haendi mikono mitupu.

Hapo ndipo shida yangu ilipoanza. Bibi hutapika akikaa nyuma. Kiti cha mbele ndicho pekee kilichomfaa, na kiti cha mbele cha Coaster, mnajua, kiko kando ya dereva. Abiria wote wakageuka kunitazama. Verediana, aliyekuja kumuaga mama yake, akasema ana suluhisho. Akafungua kitenge chake, akakitundika kati ya viti, kutoka darini mpaka kwenye gia. Nikawa mimi upande wangu kama padri kwenye kitubio, na mama mkwe upande wake anakohoa.

Hatukufika mbali. Karibu na Nyakanazi trafiki akatusimamisha.

"Dereva, hii nini?"

"Afande, ni mama mkwe."

Akafunua pazia kidogo, akamwona bibi amegeukia dirishani, akalirudisha haraka, akavua kofia. "Shikamoo mama. Samahani mama." Kisha akaja upande wangu, akasema kwa sauti ya chini, "Kaka, na mimi nina wangu. Nakuelewa kabisa. Lakini kioo cha kushoto hukioni. Tafuta ukuta mfupi."

Ukuta mfupi tulikuwa nao. Tukauchukua ule mkungu, tukausimamisha juu ya kifuniko cha injini, katikati yetu, tukaufunga kwa kamba. Kioo nakiona, barabara naiona, mama mkwe simwoni. Trafiki akaupigapiga mkungu begani, akatuombea safari njema.

Tulipopita Runzewe, nikasikia sauti kutoka nyuma ya ndizi.

"Mkungu, mwambie dereva apunguze mwendo."

Nikapunguza. Baada ya kitambo nikasema, "Mkungu, muulize mama kama dirisha linampa upepo wa kutosha."

"Mkungu, mwambie limetosha."

Basi ndivyo tulivyosafiri. Nyuma watu walicheka mpaka Masumbwe, kisha wakazoea. Ilifika mahali Mzee Sylidion akitaka gari lisimame watu wachimbe dawa, naye anasema, "Mkungu, tunaomba kusimama."

Lakini kuna jambo la kiufundi hapa, vijana, na naomba mlishike. Kifuniko cha injini ya Coaster kina joto. Ndizi mbichi haipendi joto. Tulilala Singida, na asubuhi nilipoukagua mkungu kama ninavyokagua matairi, nikakuta chane za chini zimeanza kulainika, na moja imeweka doa la njano. Nikaita wazee. Bibi Adventina akaja upande wa pili, akaiminya.

"Mkungu," akasema taratibu, na sauti yake haikuwa na mzaha tena, "mwambie dereva nikichelewa nitafika kwa watu na ndizi mbivu. Ndizi mbivu ni ya kumpa mtoto anayelia. Si ya kumpelekea mwenyeji."

Sijawahi kutoka Singida haraka vile.

Tulifika Dodoma kabla ya mchana. Mwenyekiti alikuwa amepanga kila kitu mapema, na hii pia ni ya kushika: kikundi hakiingii bungeni kwa kubahatisha. Mtu wenu aandike mapema, ajue kama kuna vikao, kila mtu awe na kitambulisho na mavazi ya heshima. Wazee walikuwa wamevaa makoti yao ya Pasaka. Wakajipanga mlangoni. Bibi Adventina akajipanga mwisho, na nyuma yake vijana wawili wa kituo cha bodaboda aliowaamuru wambebee mkungu.

Askari wa mlangoni alikuwa kijana mpole.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu. Nimekuja."

"Karibu sana. Ila huo mkungu, bibi, hauruhusiwi kuingia."

"Kwa nini? Umekosa nini?"

"Haujakosa. Ni utaratibu. Kila anayeingia hapa anaingia mikono mitupu. Hata simu tunazishika."

Bibi akamtazama. "Wote mnawaingiza mikono mitupu?"

"Wote, bibi."

"Na wenyeji hawaoni aibu?"

Wenzake wakamsihi. Mzee Sylidion akamwambia, "Adventina, uache mkungu kwa deleva, tutaingia, tutakaa kwenye viti vya wageni, tutatajwa." Bibi akasema watangulie. Yeye haingii nyumba ya watu mikono mitupu uzeeni, alishindwa kufanya hivyo hata ujanani. Wakaingia. Akabaki.

Basi tukawa kwenye maegesho, mimi, yeye, na mkungu katikati, jua la Dodoma limetusimamia kichwani. Nilitamani kuingia kichakani lakini kule maegesho hakuna kichaka. Nikasikia pua inavutwa. Vijana, bibi alikuwa analia. Mwanamke aliyesindikiza nusu ya serikali ya nchi hii amefika kwa hiyo serikali na hana wa kumpokea, na ndizi zake zinaiva. Niliumia. Nilisahau hata kunung'unika kwangu kote kuhusu kutosindikizwa.

"Mkungu," nikasema, "mwambie mama asilie."

"Mkungu, mwambie silii. Ni vumbi." Kisha akasema, "Mkungu. Muulize dereva kitu. Nyumbani kwetu ndizi zinaingilia mlango gani?"

"Mkungu, mwambie mama zinaingilia mlango wa jikoni."

"Ziliwahi kupita sebuleni?"

"Hata siku moja."

"Basi nimekosea mlango, mimi mjinga! Kijana yule ana haki. Mkungu, mwambie dereva akaulize jiko la selikali liko wapi."

Nikaenda. Nimeuliza maswali mengi katika kazi hii, lakini lile nilijikohoza kwanza. Askari alicheka, kisha akafikiri, akaona si swali la kipuuzi. "Mzee, ndani siwezi kukuambia. Ila sisi, na madereva, na wale wa ofisini wasiopenda makuu, mchana tunakula kwa Mama Neema, pale kwenye mabanda ng'ambo ya barabara."

Nikarudi na jibu. Bibi Adventina akafuta macho, akakaza kitenge. "Hilo ndilo jiko."

Mama Neema ni Mgogo, mama lishe mwenye mikono mikubwa na kicheko cha kumwamsha mgonjwa. Mapishi yake yalikuwa ugali na mlenda. Alipoona mkungu unaingia kwa mlango wa nyuma na bibi kizee nyuma yake, hakuuliza nani amemtuma. Alivuta kigoda.

"Karibu mama, pumzika. Umetoka nao wapi huu?"

"Nyarubungo, Biharamulo. Nimeuleta kwa selikali. Wewe ndiye unayeilisha?"

Mama Neema akafikiri. "Kwa kweli, mama, wengi wao ndiyo."

"Basi nimefika."

Ndizi za mkungu mzima si za kumenywa na watu wawili. Mama Neema hakuwahi kuzimenya mbichi, utomvu ukamshika vidole vikagandana, bibi akamfundisha kujipaka mafuta kwanza. Wakaniita na mimi nimenye. Ndiyo, mkwe na mama mkwe kwenye jiko moja! Tukapeana migongo, kila mtu na sufuria yake, tunamenya tumetazama pande mbili za dunia. Chane zilizoanza kuiva zikatengwa. Zilizobaki zikatosha. Maharage yalikuwepo.

Saa ya chakula ikafika, wakaja. Madereva wa magari ya ofisi, mama mmoja karani, kijana wa mambo ya barabara, mzee anayetunza bustani. Bibi akakaa karibu na sufuria akipakua mwenyewe, na kabla ya kumpakulia mtu anamuuliza Mama Neema, "Huyu ni selikali?"

"Huyu ni serikali, mama."

"Na huyu?"

"Huyu ni fundi wa friji."

"Apewe tu. Atakuwa ndugu yao."

Kijana wa barabara alipakuliwa sahani ya kujaa, pamoja na maelezo ya shimo moja lililo karibu na Nyarubungo, upande wa kulia ukitokea mtoni. Alisikiliza mpaka mwisho. Akala akaomba tena, akaongezewa ndizi na akaongezewa shimo. Hata yule askari, zamu yake ilipokwisha, alikuja na nguo za kiraia, akalipia sahani yake kwa Mama Neema kama kila siku, maana utaratibu ni utaratibu. Bibi alimwangalia anavyotafuna. "Sasa je," akamwambia, "si ulisema mwenyewe haujakosa?"

Walipomaliza, bibi akasimama. Akaaga. Akatembea mpaka mwisho wa kivuli cha banda, akasimama hapo, akatulia.

Mimi nilielewa. Yeye mgeni ameaga, na mgeni aliyeaga anasubiri. Watu wakatazamana. Nikataka kufungua mdomo nieleze, lakini Mama Neema akaniwahi. Alikuwa ameshaanza kunawa mikono. "Jamani," akawageukia wateja wake, "mama amekuja kututembelea. Mnakaa tu? Kwenu hamsindikizi wageni?"

Vijana, laiti mngeona. Mama Neema akamshika mkono. Karani akachukua mkoba wa bibi. Kijana wa barabara, askari, mtunza bustani, fundi wa friji, wote wakainuka na meno yao yana maharage, wakatembea naye kando ya barabara polepole kwa mwendo wa miguu ya kizee. Mimi nikawasha Coaster nikafuata nyuma kwa gia namba moja, taa za tahadhari zinawaka.

Wazee wenzake wakatoka bungeni wakati huo huo, vifua mbele, kwa sababu walikuwa wametajwa kweli kwamba ni wageni kutoka Biharamulo, na watu wakawapigia meza. Mzee Sylidion alikuwa anaanza kutuhadithia. Akaona msafara. Akasimama mdomo wazi.

"Sisi tumepungiwa mkono tu," akasema. "Huyu anasindikizwa!"

Walipofika mahali pa kupandia, Mama Neema akamwambia bibi, "Karibu tena mama. Hapa ni kwenu." Sikuwa nimemfundisha. Kumbe na Wagogo wanasema hivyo hivyo.

Sasa nimefika kwenye zabibu. Tulizinunua mapema mno, siku ile ile ya kwanza, tukaziacha kwenye gari juani. Asubuhi ya kurudi, boksi la bibi tuliliweka juu ya kifuniko cha injini, maana sasa pale katikati palikuwa patupu. Mkungu umebaki Dodoma kwenye matumbo ya watu. Bibi akapanda, akageukia dirishani. Nikageukia kulia kwangu mpaka shingo ikauma. Tulipopita Manyoni nikasikia, "Zabibu, mwambieni dereva..." Akasita. Boksi lilikuwa limeshaanza kuvuja. Mbele ya Singida maji ya zabibu yalikuwa kwenye viatu vyangu, na gari zima linanuka kama divai ya kanisani.

"Hizi hazina heshima," bibi akasema. "Zitupe."

Nikazitupa. Tukabaki hatuna kitu kati yetu. Tukaenda hivyo mpaka ng'ambo ya Nzega. Kisha, bila mkungu, bila zabibu, akiwa bado ametazama dirisha lake, mama mkwe wangu akasema, "Umechoka, baba?"

Nusura nitoke barabarani. "Hapana, mama."

"Ukichoka useme."

Hayo ndiyo yote tuliyozungumza mpaka nyumbani, na ni mengi.

Tulilala Kahama, na kesho yake Nyarubungo tulifika jua likiwa bado juu. Nikasimamisha gari mbele ya nyumba yake. Verediana akampokea mama yake na mizigo, nami nikageuza uso kama desturi, nikisubiri aingie jikoni nigeuze gari niwapeleke wengine. Nikasikia nyuma wanasema, "Bibi, unakwenda wapi?"

Nikatazama. Bibi Adventina alikuwa amejifunga kitenge upya. Alikuwa amesimama mbele ya Coaster, mgongo kwangu, fimbo mkononi. Akaanza kutembea kuelekea barabara kubwa.

Nikatia gia namba moja. Nyuma watu wakalalamika, Mzee Sylidion akisema ana mbuzi hawajafungwa, deleva piga honi. Sikupiga. Nilimfuata mama mkwe wangu hatua kwa hatua, nimekanyaga klachi nusu, nimeachia nusu, harufu ya kuungua inapanda mpaka puani, na macho yangu yana vumbi. Mkitaka kujua ni vumbi gani, ni lile la Dodoma.

Kwenye njia panda akasimama kando. Nikafungua dirisha. Hakunitazama, alitazama tairi.

"Karibu tena, baba," akasema. "Hapa ni kwenu."

Basi, vijana wenye Coaster yenye nailoni, kabla hamjawauliza watu wa mjini kuna nini, ulizeni kuna nani, na mtu wa kuwasindikiza mtampata wapi. Hayo mengine yako kwenye simu. Na kama mtapita kwa fundi wangu pale stendi, muulizeni dereva gani alileta gari lenye klachi iliyoungua huku anacheka peke yake.